Karatasi ya Duara ya Mama Hanan

"Mama Hanan, hiyo hirizi hapo ukutani umemwekea nani?"

Aliyeuliza ni Mama Aoko, fundi wa nguo ambaye cherehani yake iko kwenye baraza la kanisa letu pale Kawangware. Aliyeulizwa ni Sitelbanat, ambaye wengi tunamwita Mama Hanan kwa jina la kifungua mimba wake. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya kiti katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, chumba anachofundishia wasichana kompyuta kila Jumanne na Alhamisi, anabandika karatasi kwa selotepu. Hakugeuka. "Nimemwekea atakayeweza kuisoma," alisema, akacheka kidogo, akashuka.

Alikuwa akitania. Baadaye aliniambia kwamba utani ule ndio uliomponza, maana Mama Aoko hakucheka. Alirudi kwenye cherehani yake akakanyaga pedali mpaka uzi ukakatika.

Nieleze kwanza karatasi yenyewe. Maandishi yake yalipangwa duara, duara kamili kama sinia, na ukubwa wake ulikuwa wa sinia. Ndani kulikuwa na mabano, nyota, vistari vya mshazari, alama za kujumlisha na za kutoa, na O nyingi sana, nyingine herufi na nyingine sufuri, na huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uinamie. Ukitafuta neno unalolifahamu hulipati. Na aliyeibandika ni mama Mwislamu wa Kinubi aliyejifunga gurbaba yake, lile vazi lao la kitambaa, na ukuta ni wa kanisa. Kwetu sisi, mtu akiona maandishi ya namna hiyo hafikirii kompyuta.

Halafu kulikuwa na desturi ya darasa lake. Mama Hanan hamruhusu msichana kugusa mashine kabla hajaisoma karatasi ya ukutani kwa macho na penseli. Kwa hiyo ukichungulia dirishani ulikuwa unaona wasichana kumi na mmoja wamesimama mbele ya duara, midomo inacheza, sauti haitoki. Kila baada ya muda mmoja anafumba macho, anahesabu vidole, anafumbua. Mama Aoko alikuwa akiyaona hayo kutoka kwenye cherehani yake, na mmoja wa wale wasichana ni binti yake mwenyewe, Aoko.

Siku moja nyumbani Aoko alikuwa anaosha vyombo huku ananong'ona, "Ongeza saba, toa kumi na moja."

"Unamwomba nani?" mama yake akamuuliza.

"Siombi, mathe. Niko kwa line ya tatu."

"Line ya tatu ya nini?"

"Sijui bado. Ndiyo naitafuta."

Mama Aoko aliweka ufagio chini, akaenda moja kwa moja kwa Pasta Ishmael.

Pasta wetu ni mtu mpole, hapendi kelele. Alhamisi alikuja mpaka kwenye kile chumba, akaitazama karatasi muda mrefu, mikono nyuma. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndimi ninayefungua na kufunga kanisa, na nilikuwa nimekuja na funguo.

"Mama Hanan," Pasta akasema, "mimi sisemi ni kitu kibaya. Lakini watu wanauliza. Ibandue tu, tuyamalize."

"Nikiibandua, Pasta, nitakuwa nimesema ilikuwa mbaya."

Valerie akaingilia. Valerie ni kijana wa hapa kwetu, aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa Mama Hanan alipokuwa akifundisha kwake Lindi, kule Kibera, na ndiye aliyemwombea chumba hiki. "Si tuiweke tu kwa mashine, Pasta, muone venye inafanya? Ni dakika moja."

"Mashine ni yenu, mwanangu," Pasta akajibu. "Itasema mtakachoiambia iseme."

Mama Hanan ndiye aliyeitikia. "Hapo Pasta amesema kweli," akasema. "Basi chagueni mtu wenu. Asiwe wa kompyuta, asiwe rafiki yangu. Akae na mimi, aisome kwa macho yake mwenyewe. Akikuta humo jambo la kishirikina, nitatoka na mashine zangu, hamtaniona tena."

Wakapatana hivyo. Mtu huyo atasoma Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada kamati ya kanisa itamsikiliza. Kamati isiporidhika, darasa linatoka. Wasichana walisikia hayo wakiwa mlangoni. Hawakuwa na chumba kingine cha kwenda, na walijua, maana Valerie alikuwa amezunguka miezi mitatu kabla ya kupata hiki.

Waliyemchagua ni mimi. Pasta alisema ni kwa sababu sina haraka. "Nenda na maombi, Mama Ndeti," Mama Aoko akaniambia, na kweli nilikwenda na maombi. Ijumaa hiyo nilifunga, sikutia kitu mdomoni.

Nilimkuta Mama Hanan kwake Lindi, ametoka kuswali. Nyumba yake ni ya mabati yaliyopakwa rangi ya maziwa, nayo ni ya baba yake, maana wao Wanubi walikuwa Kibera kabla mtu yeyote wa kwetu Kitui hajajua Kibera iko wapi. Kwenye ukuta wa ndani zilitundikwa tabaga tano, vile vifuniko vya chakula vya duara wanavyosuka mama wa Kinubi kwa rangi nyingi. Zilikuwa kazi ya marehemu mama yake. Nilipoziona tu nilijua ile karatasi imepata wapi umbo lake, na moyo ukatulia kidogo.

"Mashine haijali nafasi," akaniambia alipoona ninazitazama. "Ukiandika maagizo kwa mstari ulionyooka, itafanya. Ukiyapanga duara, itafanya vilevile. Duara ni la kwangu mimi."

Nilimuuliza programu ni nini. Akasema ni maagizo tu, kama unapomtuma mtu sokoni na karatasi: nunua hiki, kama hakuna chukua kile, kisha rudi. Mashine inayafuata moja baada ya jingine. Na lugha ya maagizo yale inaitwa C, herufi moja, kama mkondo wa darasa. Ni lugha ya zamani, imetungwa wakati yeye yuko shule ya msingi.

Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. "Kama ni maagizo tu, mbona umeyavuruga? Mtu mwema huandika kitu kisomeke."

Hapo ndipo aliponisimulia. Mwaka wa 1987 aliajiriwa na kampuni moja ya vipuri vya magari kule Industrial Area, kampuni ambayo siku hizi haipo. Kazi yake ilikuwa kuingiza namba za vipuri kwenye kompyuta, namba kutwa nzima, kitu kingine hapana. Programu ya stoo ilikuwa imeandikwa na bwana mmoja ambaye hakunitajia jina lake. Alikuwa mtu mwerevu sana, akasema, na mwoga sana. Aliogopa kufukuzwa. Kwa hiyo aliandika kwa kuvuruga kusudi. Kila kitu alikipa jina la herufi O au la herufi l ndogo, ili kifanane na sufuri na moja. Maagizo ya kwanza aliyaweka mwisho. Akachomeka maagizo yasiyofanya lolote, ili msomaji achoke humo. Na yote yalikuwa sahihi, hakuna sheria hata moja ya lugha iliyovunjwa. Mashine inachotaka ni sheria yake ifuatwe, haiulizi kama binadamu mwingine ataelewa.

Siku moja bwana yule aligombana na wakubwa, akaondoka, akakaa kwake akingoja waje kumbembeleza. Mwezi huohuo rafu za stoo zikahamishwa. Programu ikaendelea kuwatuma watu kwenye rafu za zamani, na hakuna aliyeweza kuibadilisha. Mtu alikuwa anatafuta chujio moja la mafuta tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Wakubwa walileta wataalamu wawili, mmoja baada ya mwingine, wakatazama na kusema itupwe, iandikwe upya.

Sitelbanat akaomba apewe nakala aende nayo nyumbani.

"Wewe wa kuandika namba?" msimamizi wake akamuuliza.

"Si mnaitupa? Mnaweza kunipa mimi kabla ya kuitupa."

Akaibeba mpaka Lindi, karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, akaitandaza kwenye mkeka ambapo mama yake alikuwa anasuka tabaga. Kila Jumamosi na Jumapili walikaa hivyo, mama na binti. Siku moja alimuuliza mama yake anajuaje pa kuingiza rangi nyekundu bila kutazama mchoro. Mama yake alimjibu, "Rangi sizitazami. Nahesabu." Basi na yeye akaacha kuitazama ile karatasi kama picha. Alichukua nyuzi za mama yake, kila jina akalipa rangi yake, akaubandika uzi kutoka linapotokea mara ya kwanza mpaka mara ya mwisho. Kufikia mwezi wa tano wa kazi hiyo alikuwa ameisoma yote. Aliibadilisha sehemu moja tu, mahali pa namba za rafu, na stoo ikarudi kama zamani. Kiti cha yule bwana alipewa yeye, akakikalia miaka ishirini na mitatu.

"Hawa wasichana wangu wakipata kazi," akaniambia, "hakuna atakayewapa kitu kipya. Watapewa kilichoachwa na mtu aliyeondoka. Ndiyo maana kila muhula nawavurugia moja. Nataka waogopee hapa kwangu, wasije wakaogopea huko."

Kisha akanipa nakala ya duara, penseli, na karatasi nyingine yenye namba za herufi. Kwenye mashine kila herufi ina namba yake: A kubwa ni 65, B ni 66, na kuendelea. "Nitakuambia sheria," akasema. "Linasema nini sikuambii."

Sitaki kumchosha mtu, lakini nieleze kidogo. O iliyo herufi ni kama mkebe: ndani yake mna namba. Kila baada ya hatua mashine inachungulia mkebe na kuandika herufi ya namba iliyomo. Kazi yote ni kujua mkebe una ngapi. Ijumaa ile nilitumia saa nzima kutafuta mwanzo tu, kwa sababu mwanzo haukuwa juu, ulikuwa umejibanza karibu na katikati. Nikakuta 72. Nikaangalia kwenye orodha: H. Mbele yake, ongeza saba: 79, ambayo ni O. Kisha, katika hatua moja, toa kumi na moja na toa moja: 67, C. Kisha ongeza tano: 72, H tena. Basi, mwisho.

HOCH.

Nililitazama neno lile, nikalitamka polepole. Si Kiswahili, si Kikamba, si Kiingereza ninachokijua. Nikamuuliza kama ni Kinubi. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni jina la mtu. Akatikisa kichwa, akajimiminia chai. Alijua nimekosea, na nadhani aliona jinsi ninavyomtazama, maana alisema taratibu, "Hapo kuna kitu wewe umekisoma ambacho mashine haikisomi. Rudi kesho, dada yangu, leo macho yamechoka."

Nilikwenda nyumbani na HOCH kichwani. Niseme ukweli, njiani nilianza kufikiri kwamba Mama Aoko hakukosea. Jioni Mama Aoko mwenyewe alipita kwangu. "Umeona nini?" Nikamwambia sijamaliza. "Uso wako umemaliza," akasema, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi nilirudi Lindi. Mama Hanan akanipa sheria moja aliyokuwa hajanipa, kwa sababu alitaka kwanza nijikwae. Pale palipo na kistari cha mshazari na nyota, mashine inafumba macho. Inafumbua pale inapokutana na nyota na kistari. Kilichoandikwa katikati ni cha binadamu, mashine hata haijui kipo.

Nikaliinamia duara upya. Ile "toa moja" ilikuwa katikati ya macho yaliyofumbwa.

Nikaanza tena. 72, H. Ongeza saba, 79, O. Toa kumi na moja, 68, na safari hii ikabaki 68, ambayo ni D. Ongeza tano, 73, ambayo ni I.

Nilicheka mpaka nikaweka penseli chini. Yeye hakucheka, alikuwa ananisubiri nimalize. Kisha akasema, "Sasa hesabu mara ya tatu, maana kesho hawatakuuliza kama ulicheka."

Jumapili ibada ilipokwisha, kamati ilibaki: watu saba, pamoja na Pasta, na mzee Mbithi ambaye ndiye mwenyekiti. Mama Aoko alikaa mbele. Wasichana walisimama nje ya dirisha, na Mama Hanan alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, mikono mapajani. Nilibandika karatasi ubaoni. Nikasimulia habari za yule bwana wa vipuri, nikaeleza mkebe, nikaeleza namba za herufi, nikaanza kujumlisha kwa chaki, wote wanaona. Nilipoandika D, Mama Aoko akainua mkono.

"Ngoja hapo, Mama Ndeti. Hapo kuna kutoa moja umeruka. Mimi nimeiona."

Watu wakaguna. Nikamwomba aje karibu. Akaja, akaweka kidole gumba juu ya ile alama. Nikamwonyesha kistari na nyota upande huu, nyota na kistari upande ule, nikamwambia mashine hapo imefumba macho. Akatazama sana. Mtu anayeshona ana jicho lake.

"Ni kama bandi," akasema mwishowe. "Ule uzi wa kushikilia kitambaa kabla hujashona. Uko kwa nguo lakini si nguo."

"Ni hivyo," Mama Hanan akasema kutoka nyuma.

Mama Aoko hakugeuka, lakini hakurudi kukaa pia. Alisimama pale pale nikamaliza I. Kisha Valerie akaleta mashine moja, akaandika yale yale ya kwenye karatasi huku mzee Mbithi akimfuatisha herufi kwa herufi, asije akaongeza la kwake. Akabonyeza. Kwenye kioo pakatokea HODI.

"Karibu," mzee Mbithi akajibu kwa mazoea.

"Yaani karatasi yote hiyo, saizi ya sinia, kusema hodi?" Mama Aoko akasema. "Si angebisha mlango?"

Watu wakacheka, na nje dirishani wakacheka zaidi. Lakini Pasta hakucheka sana. Alingoja kelele zipungue.

"Mama Hanan, Mama Ndeti ametueleza habari za yule bwana wa vipuri," akasema. "Yeye alivuruga maandishi, na wewe ulimwita mwoga. Mbona na wewe unafanya kazi ileile?"

Lilikuwa swali la haki, na Mama Hanan hakulikwepa.

"Ni kazi ileile, Pasta, sikatai. Maandishi yangu yakiwekwa karibu na yake hutajua ni ya nani. Ila yeye ya kwake aliyafungia kabatini. Mimi ya kwangu nimeyabandika ukutani, na penseli nikatoa. Kosa langu liko kwingine. Mama Aoko aliniuliza nikamjibu kwa mzaha. Ningemwambia aingie."

"Na ungeniambia, ningeingia?" Mama Aoko akasema, sasa amegeuka. "Sijui. Siku ile labda singeingia."

"Basi hatujui sote wawili."

Kamati ilinong'onezana muda mfupi. Mzee Mbithi akasimama akasema darasa litabaki, na karatasi itabaki pale ilipo. Pasta naye akasimama. Alisema kanisa limemkosea mgeni wake kwa kumsengenya kabla ya kumsikiliza, na kwamba kama kuna jambo Mama Hanan anataka wamfanyie, aliseme hapo hapo mbele ya wote. Wengi tulimtazama Mama Aoko, tukidhani ataambiwa aombe msamaha. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha macho, anangoja.

Mama Hanan alisimama, akaikaza gurbaba yake begani, akasema:

"Naomba mtupe chumba Jumatano pia, kuanzia saa nane. Wasichana ni kumi na mmoja na mashine ni nne."